Mukai na Makundi Saba ya Mbwa Mwitu

Kwa miaka tisa Mukai Nthiwa alitoka mtaa wa Kangemi, Nairobi, kwa miguu kila asubuhi, akakatiza Loresho hadi nyumba moja ya Kitisuru ambako shirika la kuchunguza mbwa mwitu lilikuwa na ofisi. Aliajiriwa kupokea simu. Baadaye akapewa kazi ya kuingiza kwenye kompyuta fomu kutoka nyanda za kaskazini. Zilikuja na vumbi na madoa ya chai, zimeandikwa na Nashon, mfuatiliaji wa wanyama, kwa mwandiko ambao ni Mukai tu aliyeweza kuusoma. Jioni alisomea takwimu chuoni mjini. Alipohitimu, na miaka yake arobaini na mmoja, meza yake ilibaki pale pale mlangoni, ila sasa jina lake liliwekwa kwenye ripoti, mwisho kabisa.

Mwaka huo ripoti ilikuwa na habari nzito. Daktari Kuria, mkuu wa utafiti, alikuwa amepata kwamba watoto wa mbwa mwitu wanaozaliwa karibu na maboma ya wafugaji hufa mara mbili zaidi ya wengine. Modeli yake ya takwimu, ile hesabu ya kompyuta, ilionyesha hivyo, tena kwa uhakika mkubwa. Pendekezo lake: wafugaji wahamishwe.

Mukai aliisoma mara mbili, kisha akaingia ofisini kwa Kuria.

"Daktari, hapa kuna shida. Umehesabu watoto sitini na wanne kama kila mmoja yuko kivyake. Lakini wametoka makundi saba tu. Wanalala shimo moja, wanakula nyama moja. Ni kama kuuliza wapangaji sitini wa ploti moja kama stima imepotea na taa zimezima, halafu useme umeuliza Nairobi nzima."

Kuria alitabasamu. "Modeli imepita, Mukai. Wenzetu wa ng'ambo wameiangalia."

"Wao hawakuingiza fomu. Makundi yaliyo karibu na maboma ni matatu. Mawili yamelea watoto vizuri kama mengine. Lile la tatu lilipoteza watoto kumi na mmoja kwa wiki moja, na Nashon aliandika macho yanatoa usaha, miguu inatetemeka. Huo ni ugonjwa. Hesabu yako yote inasimama kwa hilo kundi moja."

"Na ugonjwa ulitoka wapi, kama si kwa mbwa wa maboma?"

"Labda. Basi tuwachanje hao mbwa. Kuhamisha watu kwa sababu ya labda, hapana."

Alikuwa amefanya hesabu upya, akiyachukua makundi saba kama makundi saba. Jibu lilitanda sana: huenda maboma yanadhuru sana, huenda hayadhuru hata kidogo, huenda hata yanasaidia. Kuria aliitazama ile karatasi kidogo, akairudisha.

"Wafadhili hawaji kusikia kwamba hatujui."

"Basi toa jina langu."

Jina likatolewa. Lakini siku ya mkutano na wafadhili na watu wa serikali, katika ghorofa ya tisa ya jengo moja la Westlands, alihitajika kubadilisha picha za kompyuta ukutani wakati Kuria akizungumza, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua faili zilipo. Alizibadilisha moja baada ya nyingine. Ilipofika ile ya pendekezo, akaiacha pale na kusimama.

"Samahani. Mimi ndiye niliyeingiza hizi data zote. Hiyo namba haiwezi kubeba hayo maneno."

"Mukai, kaa," Kuria alisema kwa upole.

"Nitakaa nikimaliza."

Akaeleza kwa dakika nne, bila karatasi. Afisa mmoja wa serikali, mama wa makamo, akamuuliza Kuria kama ni kweli ni kundi moja tu. Kuria akazungumza kirefu. Mama akarudia swali lile lile. Mwishowe ikabidi Kuria akubali.

Pendekezo la kuhamisha likafutwa. Kukawa na mpango wa kuchanja mbwa wa maboma, na mpaka leo hakuna anayeweza kuapa kwamba umesaidia. Makundi saba bado ni machache mno kutoa jibu.

Wiki iliyofuata Mukai alipewa barua ya kuachishwa kazi. Sababu iliyoandikwa ilikuwa "mabadiliko ya ofisi." Alikataa kuisaini.

"Andikeni sababu ya kweli," akasema.

Walimweka kwenye benchi hadi saa tisa. Aliwasalimia waliopita, akala ndizi aliyokuja nayo. Kuria alipotoka hatimaye na barua nyingine, iliandikwa kwamba amepinga matokeo ya shirika hadharani. Mukai aliisoma mpaka chini, akasaini, akaomba nakala yake.

Siku hizi anafundisha takwimu jioni katika chuo kile kile alichosomea. Ile nakala ameibandika kwenye ukuta wa chumba chake Kangemi, karibu na cheti.