Juzuu Iliyobaki

Siku ile, mwanangu, nyumbani kwetu Kikwajuni tulikuwepo watu hawa: mimi, Mwanakheri, mkubwa wa nyumba, mdogo wangu Rukia, ambaye mumewe yuko Maskati kikazi, mwanawe Salma, wa miaka minne, amelala chumba cha ndani, Haji, kitinda mimba wetu, yuko uani na sufuria ya pilau kwa kuwa ukumbini ni wanawake watupu, Bi Asya, aliyetufundisha Kurani sote watatu, Bi Mwaka, jirani wa mlango wa pili, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, na wanawake wengine wa mtaa, mpaka wasomaji tukatimia thelathini, kila mmoja na juzuu yake mkononi. Nawataja kwa sababu wote ni mashahidi wangu.

Ilikuwa hitima ya wazee wetu. Baba alitangulia, mama akamfuata, nami nikaacha skuli nikakaa kwenye cherehani ya mama. Sijawa na mvi nyingi, lakini aliyeanza kulea mapema huzeeka mapema, ndiyo maana nakuita mwanangu bila ya kuuliza umri wako. Miaka yote ile hitima yao ilisomwa kwa huruma za watu. Huyu kaleta mchele, yule kaleta sukari, na sisi watatu tumekaa pembeni kama wageni. Nilikuwa nimejiapia moyoni kwamba ipo siku sahani zitatoka kwetu kwenda kwa watu. Siku yenyewe ndiyo hiyo.

Salma alikuwa na saratani ya damu. Tulikuwa tukivuka na boti mpaka Dar es Salaam, akiwekewa dripu za dawa, akitapika, akirudi nyumbani kichwa cheupe kama yai, kisha tunahesabu siku za kuvuka tena. Mtaani tulisema damu yake pungufu, basi. Neno saratani nililikataza lisitamkwe nje ya mlango. Nilijua watu wakilisikia tu wataanza kumtazama mtoto kwa macho ya matanga. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nami methali hiyo nilikuwa nikiwaambia wenzangu tu.

Kule Dar nesi mmoja alitupa kipimajoto, akatushika mikono, mimi na Rukia. Akasema, "Dawa hii inaua ugonjwa, lakini inaua na askari wa mwili. Kikisoma thelathini na nane, msipike, msifue, msimngoje mtu. Hospitali ya karibu, saa hiyohiyo. Na msimpe panadol mkakaa, inaficha homa tu, haimtibu."

Tuliitikia kwa vichwa. Nilikuwa nikiyakariri maneno yale hata kwenye cherehani.

Basi saa nne asubuhi, wanawake washakaa, udi ushafukizwa, Rukia akanifuata jikoni.

"Dada, thelathini na nane na nukta nne."

"Pima tena."

"Nshapima mara mbili."

Nikatazama uani, Haji anafunika sufuria. Nikatazama ukumbini, Bi Asya anagawa juzuu. Nikafikiri: tukitoka na mtoto sasa hivi watauliza, na wakiuliza itabidi tuseme. Na hitima ya mama itavunjika tena.

"Mpe panadol," nikasema. "Tumalize tu. Haizidi saa moja."

"Dada, nesi kasema..."

"Nesi yuko bara. Mimi niko hapa. Hujanisikia?"

Alinisikia. Hiyo ndiyo iliyokuwa balaa yetu, mwanangu: maisha yake yote Rukia alikuwa akinisikia.

Nikaenda kukaa na juzuu yangu, ya kumi na mbili. Nilisoma mstari, nikasikia mlango wa chumba. Nikaurudia mstari, nikasikia miguu ya Rukia. Alikwenda jikoni, akarudi chumbani, akaja mpaka mlangoni pa ukumbi akanitazama, nikainamisha uso. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikaanza, tungali tunasoma. Nilivuta uzi mwekundu uliokuwa umeganda kwenye mkono wa nguo yangu, nikauzungusha kidoleni mpaka kidole kikafa ganzi.

"Mwanakheri leo kakalia sisimizi," Bi Mwaka akanong'ona, na mnong'ono wake unasikika mpaka Michenzani.

"Muache, anachelea pilau isiungue," mwenzake akamjibu.

"Haji ndiye anayepika? Basi ishaungua hiyo!"

Wakacheka chini kwa chini. Bi Asya hakucheka. Alikuwa mzee wa macho mazito, lakini masikio yake yalikuwa ya mwalimu, yanajua nani anasoma na nani anachezesha midomo.

"Mwanakheri."

"Naam, Bi."

"Toka nikugawie hujafungua ukurasa wa pili. Kuna nini chumbani?"

"Mtoto kalala, Bi."

"Aliyelala hapigiwi njia namna hii."

Akajiinua kwa mkongojo wake. Nilinyanyuka kumzuia, nikamwambia nitakwenda mimi, yeye akae asijisumbue. Akaniondoa njiani kwa kiwiko kama anayeondoa pazia. Akaingia chumbani. Alipotoka, mkono wake wa kulia alikuwa ameukunjua mbele yake, kama umeungua.

"Fungeni juzuu," akasema.

"Bi, zimebaki kurasa chache tu," nikasema. Ndiyo, mwanangu, nilisema hivyo. "Ni hitima ya mama."

Akanigeukia mbele ya watu wote. "Mama yako hana haraka. Yeye na baba yako walishafika. Mwenye safari ni huyu aliye chumbani, na wewe umemfungia njia kwa sinia za pilau."

Hapo Rukia akatokea na mtoto begani, midomo ya Salma imekauka, kitambaa kimemwanguka kichwani. Wakakiona kile kichwa. Rukia akasema kwa sauti kubwa ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Ana saratani ya damu. Ana homa tangu saa nne." Ilikuwa saa sita imepita.

Macho ya matanga niliyoyaogopa hayakuja. Bi Mwaka alikuwa keshafika mlangoni, hana kiatu. "Haji! Wewe Haji! Acha hilo sufuria, kamwite mwanangu alete gari!"

"Pilau je?" Haji akauliza kule uani.

"Pilau haina miguu, itatungoja! Kimbia!"

Hospitalini daktari alikuwa kijana, mdogo kwangu. Aliuliza, "Homa imeanza saa ngapi?"

Ulimi wangu ulitaka kusema sasa hivi. Nilimwona Rukia ananitazama.

"Saa nne," nikasema.

"Kapewa dawa yoyote?"

"Panadol. Nimeamuru mimi."

Hakunigombeza. Aliandika tu, akatoka karibu mbio. Natamani angenigombeza.

Siku tatu, mwanangu, mtoto hakujua nani kamshika. Sindano kila baada ya saa kadhaa, mishipa inajificha, Rukia anaimba nyimbo za kubembeleza bila sauti. Mimi nilipima korido kwa miguu mpaka mfagiaji akaniambia, "Dada, ukikaa hutovunja kitu." Sikuweza kukaa. Siku ya nne asubuhi Salma akafungua macho, akaniuliza, "Mama mkubwa, pilau ishaliwa?" Nilitoka nje nikalia mpaka buibui likarowa.

Pilau ilikuwa ishaliwa. Wanawake waliigawa mtaa mzima, wakaosha masufuria, wakakunja mabusati. Kila mmoja alikwenda na juzuu yake akaimalizia kwao, na siku moja moja wakazirudisha sandukuni. Ishirini na tisa. Yangu Bi Asya aliileta mkononi, ndani yake kaweka ule uzi wangu mwekundu pale niliposimama.

"Hii hakuna aliyekusomea," akasema. "Ni yako. Lakini kabla hujaifungua, kuna mtu wa kumtaka radhi, na hayupo kaburini."

Salma keshamaliza dawa. Sasa tunavuka kwa kupimwa tu, na kila tukivuka napima korido tena mpaka majibu yatoke. Nywele zimeota, nyingi, ananisumbua nimsuke.

Nakuusia, basi. Wanasema mkubwa jaa, kila taka humwangukia. Ni kweli, ila kwa kubeba taka za wote usidhani umepewa na akili za wote. Kwa mgonjwa, mkubwa ni yule aliyeshika kipimajoto, hata akiwa mdogo wako wa mwisho. Akisema twende, vaa viatu. Si kila subira inavuta heri. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Usimfiche mgonjwa wako kwa watu ambao ndio watakaokuja kumbeba. Na walio makaburini waombee kila siku, lakini walio hai wakimbilie.

Mungu akujaalie wazee wa kukukemea ungali na wakati, na wadogo wasiochelea kukukatalia. Awape afya watoto wa nyumba yako, na walio vitandani awanyanyue.

Rukia hajanitajia siku ile hata mara moja. Nimemshonea nguo za Idi zote tangu hapo, nimembebea mtoto kwenye kila boti, nimempikia, nimemfulia. Neno lenyewe sijamwambia. Sijawahi kumtaka radhi mdogo wangu, na sijui linaanzia wapi. Siku hizi anakaa kwake, na kesho alasiri anakuja kuchukua gauni la Salma. Juzuu ya kumi na mbili nimeishusha rafuni, nimeiweka kando ya cherehani, na uzi mwekundu ungali umo ndani.