Bei kwa Kidenmark

Tak. Kibanio cha mkoba kikifungwa. Katika miaka yote kumi na miwili ya Denmark, sauti iliyobaki sikioni mwa Zainab ilikuwa hiyo moja: mkoba wa Fru Kirstine, bibi aliyemtumikia, ukifungwa baada ya chenji kuhesabiwa.

Alizaliwa Malindi, Unguja. Mapinduzi yalimkuta msichana wa miaka kumi na saba, na miaka minne baadaye akamfuata mumewe, Matar, fundi wa mitambo kwenye meli ya Kidenmark, hadi mji wa Aarhus. Matar hakukaa sana. Kifua kilimwondoa majira ya baridi ya pili, na Zainab akabaki ugenini na mikono yake miwili. Ndipo akaingia kwa Fru Kirstine, bibi kizee wa ghorofa ya tatu, ampikie, amfulie, na zaidi ya yote amwendee dukani. Kidenmark hakufundishwa na mwalimu. Alikiokota mlangoni, kikapu mkononi, akijibu swali lile lile kila siku ya Mungu: imegharimu kiasi gani? Miaka kumi ikapita hivyo. Bibi alipozikwa, Zainab akahamia London kwa binamu yake, Thornton Heath, akawa anasafisha maofisi alfajiri.

Mwaka 1983 akasikia kuna Kalasinga wa Nairobi, jina lake Avtar, mwenye ofisi ya tafsiri juu ya duka la sari kule Tooting, anatafuta mtu wa Kidenmark. Kampuni moja ya fanicha ya Copenhagen ilitaka kijitabu kwa wauzaji wake: misemo sitini ya Kiingereza ya mambo ya gharama, kila msemo na mwenzake wa Kidenmark, na sentensi ya mfano chini yake. Malipo ni kwa neno. Kazi ikikubalika, dawati la dirishani litakuwa la Zainab, na ndoo atawaachia wengine.

"Lakini nitakuangalia, mama," Avtar alimwambia.

Akamwangalia kweli. Aliona kamusi haifunguliwi. Alimwona amekaa kimya robo saa nzima mbele ya msemo mmoja, kisha anauliza swali, daima moja:

"Hapa anayesema ni nani, muuzaji au mnunuzi?"

"Wewe andika tu. Bei ni bei."

"Bei kinywani mwa muuzaji si bei kinywani mwa mnunuzi, Bwana Avtar. Mmoja huilaza chini, mwengine huisimamisha."

Avtar aliguna, akaenda na penseli yake. Jumatano akarudi na kurasa mkononi.

"Hapa Mwingereza anasema hii kitu imegharimu mkono na mguu. Wewe umeandika nini?"

"Kimegharimu weupe wa macho."

"Weupe wa macho. Na hapa, hii bei imesimama kama mlima?"

"Bei iliyotiwa pilipili manga."

"Haya. Mwingereza amenunua kitu rahisi sana, anasema amenunua kwa wimbo."

"Kwao ni kwa peremende."

Avtar aliweka penseli juu ya sikio, chini ya kilemba. "Mama. Macho, pilipili, peremende. Hii ni Denmark ama ni Zanzibar? Mimi nimekaa Mombasa miaka mbili, najua pilipili ya kwenu."

"Wao pilipili yao wanaitia kwenye bei," alisema Zainab. "Kwenye chakula hawatii."

Avtar hakucheka.

Tangu hapo Zainab naye akaanza kuangalia. Aliona vidoa vya penseli chini ya maneno yake, kimoja kimoja, kama mtu ahesabuye mbegu. Aliona Avtar akiziba simu kwa kiganja kila yeye apitapo. Siku moja alirudi kutoka msalani akakuta mkoba wake umehama kiti. Labda uliondolewa tu watu wapite. Labda. Moyo uliozoea kupekuliwa haukosi kupekua.

Ijumaa, Avtar alimwita akae mbele yake, akapiga simu Copenhagen. Kumbe nusu ya kurasa alikwishazituma kwa posta kwa mwenye kazi, Bwana Mogens, bila kumwambia neno. Wakazungumza kwa Kiingereza. Zainab aliikunja mikono yake mapajani.

Avtar akaziba simu kwa kiganja. "Pilipili ni yao," alinong'ona, kama aliyenyang'anywa kitu. "Macho pia. Peremende pia."

Zainab akashusha pumzi. Lakini upande wa pili ulikuwa bado unasema, na uso wa Avtar ukabadilika. Alipoweka simu chini, alivuta kurasa akafuata mistari kwa kidole.

"Mogens anauliza kwa nini kila mfano unaisha na maneno haya manne. Og her er bonen."

"Na risiti hii hapa," alitafsiri Zainab.

"Mifano thelathini. Maneno manne mara thelathini ni mia moja ishirini. Na mimi nalipa kwa neno, mama."

Aliielewa shutuma kabla ya kulielewa kosa.

"Ndivyo wasemavyo," alisema. "Wakitaja bei."

"Mogens amezaliwa huko. Anasema hakuna mtu anasema hivyo."

Zainab alitaka kubisha. Akatafuta katika kumbukumbu yake sauti moja, mtu mmoja aliyetaja bei akaishia hapo bila ya risiti, na hakumpata. Dukani, wauzaji walitaja bei huku wakinyoosha karatasi. Mlangoni, Fru Kirstine alisimama na kiganja wazi. Mkate kroner kadhaa, na risiti hii hapa. Siagi, na risiti hii hapa. Maneno yaligandana na bei kama ganda na ndizi mbichi. Alidhani ndiyo adabu ya lugha yao, kama sisi tusivyomtaja marehemu bila kumwombea.

Akamweleza Avtar hayo yote, taratibu, macho yake juu ya meza. Kalasinga alisikiliza. Penseli ilishuka kutoka sikioni ikakaa mkononi bila kuandika. Akakwaruza doa la wino lililoganda kwenye ukingo wa dawati.

"Futa hayo manne tu," alisema mwishowe. "Zingine ziko sawa. Jumatatu utakaa dirishani."

"Ahsante."

"Huyo mzee alikuwa mtu mbaya sana." Alikohoa. "Hapa, mama, hakuna mtu ya kukuuliza risiti."

Zainab alichukua kichupa cha rangi nyeupe ya kufutia, akakitikisa, akainamia mstari wa kwanza. Alijibu bila kuinua kichwa, kwa sauti ndogo ambayo basi lililopita chini barabarani lilikaribia kuichukua.

"Umeshaniuliza."