Jiwe Jeusi na Kikohozi cha Wifi Bupe

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za nyumbani kwetu Ibighi ni kikohozi cha wifi yangu Bupe. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mke wa kaka yangu Lusajo, na kwa desturi yetu Wanyakyusa mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala hazungumzi naye. Kwa hiyo kila alipotaka kutoka jikoni na kuvuka ua kwenda migombani, alikohoa kwanza mara mbili, na baba, popote alipokuwa, akageuza uso. Moshi wa kuni mbichi, ukungu wa Tukuyu, harufu ya ndizi zinazochemka, na kikohozi kile: hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yetu. Baba na wifi walipokuwa na jambo la kuambiana, mjumbe nilikuwa mimi, Atupele, mwanafunzi wa darasa la tano. Nilikuwa mjumbe hodari. Sijisifu bure, kwani kichwa hikihiki ndicho kilichonipatia baadaye stashahada ya upimaji ardhi, bila mjomba ofisini wala mkono wa mtu.

Mwaka huo baba alikuwa amepunguzwa kazini, ushirika wa kahawa alikokuwa karani. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameingia na magari yao, ushirika ukabaki na makarani wasio na cha kupima, naye akarudi nyumbani na kalamu yake ya wino mfukoni. Alikaa barazani miezi kadhaa akitazama barabara, na mama akajifunza kupita mbele yake bila kumuuliza kitu. Kisha ikaja barua ya Lusajo, aliyekuwa fundi gereji Mbeya. Aliandika kwamba zamani, alipokuwa akifanya kazi kando ya Ziwa Nyasa, yeye na vijana wenzake wa kwaya walificha kopo la mafuta ya kupikia kwenye ufukwe mmoja uliojificha nyuma ya mwamba. Ndani mliwekwa daftari na penseli. Anayelipata huandika jina lake, huchukua kitu kimoja na kuacha kingine. Ufukwe wenyewe haufikiki ila mwisho wa kiangazi, ziwa linaposhuka, tena asubuhi tu, kabla ya upepo wa mwera kuamka na kuyasukuma maji juu ya njia. Chini alichora ramani, na akamalizia: "Baba, mpaka leo hakuna mtu wa Tukuyu aliyeandika jina humo."

Baba aliisoma mara tatu, akasimama. Aligundisha fomu kuukuu za ushirika, akazigeuza nyuma na kuanza kupanga safari kama mtu anayefunga hesabu za msimu: gari la kushuka Kyela, mzee wa kanisa wa kutulaza, hatua arobaini toka mwambani hadi kwenye mti ulioficha kopo. Kitu cha kuacha kingekuwa kalamu yake.

"Mtu mzima anafuata kopo!" mama alisema.

"Si kopo, mama Lusajo. Ni daftari. Nakwenda na Atupele, ana macho."

Siku hiyo mama alicheka, jambo ambalo hatukuwa tumelisikia muda mrefu.

Wifi Bupe alizaliwa kandokando ya ziwa lile. Aliyasikia yote kupitia ukuta wa jikoni, akaniita huku akimenya ndizi. "Wifi, mwambie baba hivi, usipunguze. Chini ya mwamba kuna jiwe jeusi kama mgongo wa kiboko. Likionekana lote, piteni. Likifunikwa, hata nusu, rudini. Na mkiona wavuvi wanavuta mitumbwi nchi kavu, rudini hata kama mmeshalishika kopo. Umeshika?"

"Nimeshika, wifi. Mimi siyo mtoto."

Nilifika kwa baba nikiwa na jambo kubwa mdomoni, na hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kusema nimetumwa, nilisema nimefikiri. Nikamweleza habari za jiwe kana kwamba nimezisoma darasani. Alinitazama kwa fahari ambayo sijaisahau. "Kichwa hiki!" akasema, akafungua kalamu. "Na likionekana nusu?"

Kama ningekuwa mjumbe, ningejibu, au ningerudi jikoni kuuliza. Lakini mwenye fikra zake hapeleki swali jikoni. Maneno ya wifi yalikuwa yameshachanganyika kichwani. "Nusu inatosha," nikasema. Akaandika.

Tangu dakika hiyo hofu iliingia mwilini mwangu kama homa. Usiku niliota mgongo wa kiboko ukizama. Kila wifi aliponiuliza, "Ulimwambia yote?" niliitikia. Nilijua baba ataingia majini na kwamba nitakuwa nimemshika mkono. Hata hivyo nilinyamaza, maana kukiri kosa kulikuwa pia kukiri kwamba kichwa kile kilichosifiwa hakikuwa changu. Mficha uchi hazai, lakini mimi niliuficha, siku nne nzima.

Alhamisi alasiri baba alimsomea mama mpango wote kwa sauti ya karani. Alipofika kwenye jiwe, akasoma: "Likionekana nusu, tunapita." Jikoni kikasikika kikohozi, mara mbili. Baba akageukia ukuta kama kawaida, akingoja nyayo zivuke ua. Nyayo hazikuvuka ua. Zilikuja mlangoni kwetu.

Wifi Bupe alisimama pale, kanga imemfunika kichwa na uso, tumbo lake la miezi saba mbele yake. Mama alishika mdomo. Tulikuwa tumefundishwa kwamba mwiko huo ukivunjwa, mwili wa mwanamke huharibika, na mtoto naye.

"Nasema na mlango huu," alisema, sauti ikikatika. "Mlango, sikia. Nusu ni kaburi. Kaka yangu alipita nusu. Tulimwokota siku ya tatu."

Baba hakugeuka. Mabega yake yalipanda, yakashuka. Kisha akauambia ukuta, "Ukuta umesikia. Ndaga, mwanangu." Ndiyo shukrani yetu. Akaikata ile sentensi kwa mistari miwili, bado akitazama ukutani, na siku ileile mama akachinja jogoo ili mambo yatengenezwe kimila.

Jumamosi tulifika mwambani jua likichomoza. Ziwa lilikuwa limechelewa kushuka mwaka ule. Jiwe lilionekana nusu. Ng'ambo niliuona mti, karibu kiasi kwamba ningeweza kuhesabu matawi yake. Maji ya njiani yalikuwa ya magotini, yametulia, yanakaribisha. Baba alisimama, kalamu mkononi.

"Nusu ile ilitoka kwa nani?" aliuliza.

"Kwangu."

"Nilijua," akasema, akairudisha kalamu mfukoni. Tulikaa mbali mchangani. Kabla ya saa nne mwera ukaamka, na pale ambapo tungekuwa tunarudi, povu lilipiga mwamba juu kuliko kichwa cha baba.

Leo nimerudi Tukuyu baada ya miaka ya Dar es Salaam na Dodoma. Nimejenga Msasani kwa jasho langu, na chombo changu cha setilaiti hunionyesha nilipo pasipo kukosea hata upana wa kiganja. Vijana wageni huja na simu zao kutafuta makopo waliyofichiana, wananiomba ushauri, nami huwapa bila kujizuia. Baba ni mzee, bado anakaa barazani Ibighi. Mtoto aliyezaliwa Desemba ile, mzima, ana watoto wake. Na wifi Bupe bado anakohoa mara mbili. Jumapili iliyopita aliniita jikoni: "Wifi, mwambie baba chai ina tangawizi nyingi, asinywe kwa haraka." Baba yuko hatua sita kutoka pale na amesikia kila kitu. Hata hivyo nilikwenda, mimi mwenye stashahada, nikasimama mbele yake: "Baba, wifi Bupe amesema chai ina tangawizi nyingi, usinywe kwa haraka."

"Lote hilo ni lake?" akauliza, macho yake ukutani.

"Lote, baba."