Mama Namba Anatoka Nje

Kabla hajabandikwa jina la Mama Namba, alikuwa mama wa mapokezi tu, kwenye nyumba ya wageni ya vyumba kumi na viwili iliyotazamana na stendi kuu ya mabasi. Alipokea wageni, aligawa funguo, alisikiliza malalamiko ya maji ya moto, na pakitulia alipiga pasi foronya nyuma ya kaunta. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye sauti ambayo mdogo wake wa kiume alisema ingeweza kurudisha basi lililokwisha kuondoka.

Huyo mdogo wake alikuwa dereva wa teksi, akiegesha kwenye kituo cha hapo hapo stendi. Waliishi nyumba moja: yeye na mkewe vyumba vya mbele, dada mtu chumba cha nyuma.

Mambo yalianza asubuhi moja isiyo na lolote. Mgeni wa chumba cha saba, fundi cherehani aliyekuja kutoka nchi jirani kununua vitambaa vya nguo za harusi, alisimama mlangoni na mkoba wake.

"Dada, ile gari nyeupe pale nje inaniita. Ni salama?"

"Haina shida," akamjibu bila kuinua macho kwenye pasi.

Saa tisa alasiri yule fundi alirudi peku, miguu imejaa vumbi jeupe. Dereva alikuwa amesimama njiani kumpakia "rafiki anayeshuka hapo mbele tu." Rafiki akaketi nyuma, ubavuni mwa mgeni. Hapo mbele hapakufika. Walimzungusha hadi kwenye machimbo ya kokoto, wakamnyang'anya mkoba, simu na viatu, wakamshusha juani. Hawakumpiga.

Mama wa mapokezi alileta beseni la maji, akapiga magoti, akamwosha miguu. Fundi hakulia. Alisema taratibu tu, "Nilikuuliza. Hata hukuitazama."

Askari alipokuja akauliza namba ya gari. Hakuna aliyeijua. Akauliza sura ya dereva. Mama wa mapokezi, aliyekuwa hatua kumi kutoka gari lile, alikiri kwamba hakumtazama. Askari akaandika "gari jeupe," akafunga daftari lake. Magari meupe mjini yalikuwa kama nyasi.

Maneno ya yule fundi yalimkwama rohoni. Angejitetea kwamba kazi yake ni funguo na foronya, na hakuna ambaye angembishia. Hakujitetea. Tangu siku ya pili, hakuna mgeni aliyetoka kupanda teksi bila yeye kutangulia barabarani.

Alikuwa anasimama mbele ya gari, anasoma namba kwa ile sauti yake, kisha anazunguka nyuma anaisoma tena. Anaiandika kwenye vipande viwili vya karatasi, kimoja cha mgeni, kimoja cha kaunta. Anaomba leseni ya dereva, analinganisha picha na uso. Halafu anamgeukia mgeni, na hapo hamung'unyi maneno.

"Kaa nyuma, upande ambao si wa dereva. Nauli mkubaliane sasa, mlango ukiwa wazi. Mkoba weka mapajani, mbali na dirisha. Asipande mtu mwingine, hata akisema ni mama yake mzazi. Akisimama kumpakia mtu, wewe shuka pale pale penye watu. Na kama gari umeiita kwa simu, usimtajie dereva jina lako. Muulize amemfuata nani, akutajie yeye."

"Mama, nachelewa," kijana mmoja wa chumba cha tatu alimlalamikia.

"Chelewa," akamwambia. "Ukifika utaomba radhi. Usipofika nani ataomba?"

Baada ya wiki mbili madereva wakaanza kumwita Mama Namba, na haikuwa kwa mapenzi. Mwenyekiti wa kituo, mtu wa tumbo kubwa na salamu ndefu, alimfuata mwenye nyumba ya wageni ofisini.

"Bosi, mama yako anatuaibisha. Anatuanika barabarani kama wezi. Vijana wangu wamechoka."

Bosi hakuwa mtu mbaya, ila aliogopa ugomvi kuliko moto. Alimwita Mama Namba akamwambia aache.

"Siachi, bosi."

"Mimi ndiye niliyekuajiri."

"Ni kweli, na kunifukuza unaweza. Lakini mgeni akitoka mlango huu wakati mimi nipo, nitatoka naye."

Bosi alikuna kichwa. Kumfukuza hakuthubutu, maana hakuna aliyeijua nyumba ile kama yeye. Akampeleka kufua mashuka uani, akamweka binti mwingine kaunta. Hakuna lililobadilika. Wageni wa zamani waliwaambia wapya, na kila asubuhi mtu alichungulia uani akauliza, "Mama Namba ni nani hapa?" Alijifuta povu kwenye aproni, akatokea lango la nyuma.

Hapo ndipo madereva wakagoma. Jumatatu moja hakuna teksi iliyokubali kusogea mbele ya nyumba ile. Siku hiyo hiyo mzee mmoja na mkewe, wageni wa nyumba ile, walitakiwa hospitali saa nne. Bibi alikuwa amepasuliwa jicho wiki iliyotangulia na bandeji ilikuwa iondolewe. Hawakuwa na mwenyeji yeyote mjini.

"Twendeni kwa miguu hadi kituoni," Mama Namba aliwaambia, akamshika bibi mkono. Walivuka barabara polepole, yeye na kandambili zake zilizolowa.

Madereva walikuwa wameegemea magari. Mdogo wake alikuwa wa tatu kwenye mstari, ameketi ndani, anaitazama dashibodi kana kwamba imeandikwa barua.

Akaanza na gari la kwanza, akasoma namba. La pili lilikuwa jeupe, lenye vioo vya giza. Akasoma mbele, akazunguka nyuma, akasoma tena. Akarudi mbele. Tarakimu mbili za mwisho hazikufanana, na kibao cha nyuma kilikuwa kimefungwa kwa waya. Kama ndilo gari lililombeba yule fundi, hakuweza kuapa. Lakini macho yake yalikuwa mazima.

"Kijana, gari yako ina namba mbili," akasema.

Dereva wake, aliyevaa miwani ya jua, akashuka. "Wewe mama ni trafiki?"

"Mimi nafua mashuka. Ila shule nilikwenda."

Kijana akamsogelea mpaka kivuli chake kikamfunika. Mama Namba hakurudi nyuma.

Mwenyekiti akaingilia. "Mama, rudi kazini kwako. Hapa hakuna atakayekubeba wewe wala wageni wako."

"Basi tutasimama hapa na hawa wazazi. Na kila abiria atakayeshuka basi nitamsomea namba zote mbili."

Na kweli akaanza. Mabasi mawili yalikuwa yameingia pamoja. Sauti ilipaa juu ya honi: za mbele, kisha za nyuma, kisha za mbele tena. Watu wakasimama na mizigo kichwani, wakainama kutazama. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe, akaondoka kwenda kutafuta usafiri kwingine. Wenzake wakamfuata.

Ndipo mdogo wake aliposhuka. Alimjia karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, unaniharibia. Kesho nitaegesha wapi?"

"Yako nimeishaiona, mbele na nyuma ni ileile. Wewe unamwonea haya nani?"

Mwenyekiti alikuwa akimtolea macho. Mdogo mtu alikwenda kwenye gari lake, akafungua mlango wa nyuma, akatoa leseni mfukoni akampa yule mzee kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba. Picha hiyo ni yangu, nilikuwa na nywele tu. Nauli tukubaliane kabla mama hajapanda."

Mzee aliitazama picha, akautazama uso, akacheka kidogo. Walifika hospitali saa nne kasorobo.

Yule kijana wa miwani alikuwa amekwishawasha gari. Aliondoka kwa kasi na hakuonekana tena kituoni. Mwenyekiti alisema hamjui, kwamba alikuwa amekuja kuegesha tu, na labda alisema kweli.

Haikuisha kwa shangwe. Mdogo wake alisimamishwa kituoni kwa wiki tatu, akawa anatafuta abiria sokoni, huko mbali. Wifi yake, yaani mke wa mdogo wake, alimnunia hata chumvi hakumwomba. Mama Namba alivumilia. Jioni moja wifi aligonga mlango wa chumba cha nyuma, akaingia na chai, akasema mumewe amepata abiria wa kudumu, yule mzee, kila siku ya kliniki. Hawakuombana radhi. Walikunywa chai.

Binti wa kaunta alipogawa ufunguo mmoja kwa wageni wawili kwa mara ya tatu, bosi alikwenda uani akasimama kando ya kamba za mashuka.

"Rudi mbele," akasema.

"Na kutoka nje?"

"Sijasema kitu kuhusu kutoka nje."

Miezi baadaye kituo kilibandika tangazo kwamba kila dereva aoneshe leseni abiria akiomba. Mwenyekiti aliwaambia watu ni wazo lake la siku nyingi. Mama Namba alilisoma tangazo lote, hadi mhuri, kisha akalipita akaenda kusimama mbele ya gari lililokuwa likimsubiri mgeni wa chumba cha tisa, akaanza kusoma namba.