Jino la Baba na Albamu ya Jazi

Harufu ya karafuu iliyosagwa ilitawala nyumba yetu ya Dabani majuma mawili mazima. Iliingia kwenye mablanketi, ikaingia hata kwenye uji. Baba alikuwa na jino bovu, la mbele, la juu, na Baba alikuwa mpiga tarumbeta. Asiyekijua chombo hicho hudhani pumzi ndiyo kila kitu, kumbe midomo hukandamizwa kwenye meno, na meno ya mbele ndiyo nguzo za nyumba. Nilikuwa na miaka kumi, na msimu ule wa mvua niligundua kwamba mtu mzima anaweza kushindwa kutulia. Baba alikula amesimama. Alizunguka ua, akaenda hadi barabarani, akarudi mikono mitupu, akaanza tena, shavu limemvimba.

Bendi yao ya jazi, watu sita wa pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya, ilikuwa imepata siku moja ya kurekodi albamu mjini Tororo. Siku moja tu, baada ya miaka ya kupiga kwenye harusi na matanga. Daktari wa meno alikwisha sema jino ling'olewe upesi, Baba akakataa.

"Baba Nekesa, hiyo albamu ndiyo itakulelea watoto?" Mama alimuuliza.

"Mama Nekesa, mimi nakwenda," Baba alijibu. "Maji nimeyavulia nguo."

Siku moja kabla ya safari nilimkuta nyuma ya jiko ameegemeza paji la uso ukutani, analia bila sauti. Sikuweza kustahimili. Nilichukua kidomo cha tarumbeta, kile kipande kidogo cha kupulizia, nikakizika ndani ya chungu cha mbegu za karanga. Niliwaza kitoto: pasipo kidomo hakuna safari, na pasipo safari jino litang'olewa.

Kesho yake Baba alitafuta hadi jua la utosi. Alipindua vitanda, akakung'uta magunia, akafuata nyayo zake mwenyewe uani. Ndipo akafika Mzee Ouma, mpiga besi na kiongozi wa bendi, aliyevuka kutoka upande wa Kenya. Alisikiliza, akashusha pumzi, akasema, "Basi ndugu yangu, tutarekodi bila tarumbeta."

Baba akaketi. Tangu jino lianze kumuuma sikuwa nimemwona ameketi, na kuketi kule kuliniogopesha kuliko mizunguko yake yote. Nikakimbia, nikaleta chungu, nikachimbua kidomo mbele ya wote. Nilingoja kiboko. Baba alikipangusa kidomo kwa shati, akaniuliza, "Uliniogopea?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Hata mimi naogopa," akasema.

Alikwenda, akapiga nyimbo zote nane, akarudi na damu kwenye kola. Usaha ulikuwa umeenea. Jino lile likang'olewa pamoja na lililokuwa kando yake. Aliwekewa ya bandia, lakini jino la pembe si dawa ya pengo: kila alipopuliza, pumzi ilivuja pembeni. Bendi ikatafuta kijana wa Molo ashike nafasi yake, na Baba akarudi kwenye shamba lake la muhogo.

Siku hizi mpwa wangu hurekodi nyimbo kwa simu chumbani. Akikosea hufuta, akarudia hata mara thelathini. Simdharau, zama zimebadilika. Mwaka jana nilimuuliza Baba kama ingekuwa heri ningekaa kimya siku ile, nisikitoe kidomo. Akasema, "Ningekuwa na meno yangu yote, na hadi leo ningekuwa natafuta." Nami sasa nimeupita umri aliokuwa nao msimu ule. Nimeacha kazi nne, moja kwa sababu ya mkubwa mkali, nyingine kwa sababu ya umbali tu. Sijapata bado kazi ambayo, ikiniuma namna ile, ningeamka asubuhi na kusema: mimi nakwenda.