Nilivyokwenda London Kuuliza Habari za Makaa ya Mawe

Nilikwenda London kwa sababu ya saini moja. Shamba letu la kahawa huko Mbinga, alikozikwa baba, limekaa juu ya makaa ya mawe, na kampuni inayochimba jirani ilitaka kulinunua. Mimi ni karani wa mizani kwenye mgodi huohuo. Kutwa napima malori ya makaa. Nilikuwa nimeshakubali kuuza. Lakini warithi walioandikishwa tuko wawili, na mdogo wangu Imelda, anayehudumia wazee majumbani kwao huko Uingereza, alikataa kutumiwa karatasi ya mauzo aisaini.

"Kaka, siwezi kuuza kaburi la baba kwa simu," alisema. "Njoo tuonane, uone na wenzetu wamefanya nini na makaa yao." Akanitumia tiketi.

Siku ya tatu tangu nitoke Mbinga, nikiwa nimepitia Songea na Dar es Salaam, nilitua London. Imelda alinipokea, tukapanda treni mpaka Thornton Heath anakoishi. Njia nzima nilikuwa natafuta moshi. Nchi kubwa namna ile, nilidhani mabomba yangekuwa yanafuka kila upande. Sikuona hata moja.

"Umeme wenu unatoka wapi?" nilimuuliza jikoni, maji ya chai yakichemka.

Akanionyesha simu yake. Kulikuwa na duara la rangi: sehemu kubwa upepo, kisha gesi, nyuklia, jua. Penye makaa ya mawe palikuwa na sifuri. "Kituo cha mwisho cha makaa wameshakifunga," alisema.

Asubuhi iliyofuata nikaitazama tena. Upepo ulikuwa umepungua, gesi imepanda. Chai ilichemka vilevile. Nilikaa na kikombe mkononi nikiwaza ni nani huko aliyeondoa upepo akaweka gesi bila hata taa kufifia.

Jumamosi tulikwenda kando ya Mto Thames kwenye kituo cha zamani cha umeme, jengo la matofali lenye mabomba manne meupe. Ndani wanauza viatu na manukato. Nilimwambia Imelda amuulize mlinzi makaa yalikuwa yakimwagwa wapi. Mlinzi alifikiri kidogo, akatuelekeza kwenye migahawa.

Kisha tukapanda lifti iliyo ndani ya bomba la moshi. Ndiyo, ndani ya bomba! Lifti ya vioo ikatutoa juu, mji wote ukawa chini yetu, na watu wakapiga picha. Mimi nilikuwa nanusa ukuta. Nilitaka nipate hata harufu ya kitu ninachokijua. Hakuna.

Jumatatu Imelda alinipeleka kwa Mzee George, mmoja wa wazee anaowahudumia. Ujanani alipakua makaa kutoka kwenye meli katika jengo lile lile. Imelda alitutafsiria. Mzee alisikiliza habari za shamba letu, akakohoa kwa muda mrefu, kisha akasema, "Usiuze. Kaka yangu alikufa na kifua hiki hiki."

Nikashusha pumzi. Nilidhani nimepata jibu. Tulipokuwa mlangoni tukiaga, akatuita turudi.

"Lakini watoto wangu wanne wamesoma kwa makaa yale," alisema. "Labda uuze."

"Sasa nifuate lipi, mzee?"

Akatikisa kichwa. "Hata mimi sijui."

Kwenye basi la kurudi, Imelda alitoa mkobani ile karatasi ya mauzo niliyomletea, akaitia saini, palepale, basi likitikisika. Nilishtuka.

"Wewe si ndiye uliyekataa?"

"Nilitaka uone kwanza. Mama anapika kwa kuni, kaka, na zahanati haina umeme. Hawa wameacha makaa wakiwa wameshashiba. Sisi tuache kabla ya kula?"

"Na baba?"

"Tutamhamisha," alisema, akageukia dirishani. Nikaona mabega yake yanatetemeka. Nami niliyekwenda kuiomba saini ile, sikuitaka tena. Nilikunja karatasi nikaiweka mfukoni.

Wiki iliyofuata nilirudi Mbinga. Ofisa wa kampuni alikuwa ananisubiri nyumbani, amekaa na mama kwenye mkeka wake. Nilimpa karatasi. Akaona saini ya Imelda, akaona na nafasi yangu iko wazi.

"Huko walikofika wenzetu, makaa yamekuwa sifuri," nilimwambia. "Siku yatakapokuwa sifuri na kwetu, hapa mtatuachia nini? Tuandikie hilo, nami nitasaini."

Aliisoma tena karatasi. Akasema katika vijiji vyote alivyopita hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, na kwamba yeye hana mamlaka ya kuandika jambo kama hilo. Akaondoka kwenda kuwauliza wakubwa wake.

Nilichojifunza London ni kidogo: hata walioyaacha makaa hawana jibu moja la kutupa, lakini bado wanajiuliza, nasi tuna haki ya kuuliza. Kama nimefanya sawa, sijui. Mpaka naandika haya ofisa hajarudi, na mama ameshaanza kuchuma kahawa.