Programu Inayokosea Makusudi

Kwa watu wa klabu ya chesi ya Ruiru, Waceke alikuwa yule msichana anayekaa karibu na soketi. Kila Jumamosi walipokutana katika ukumbi wa Membley, wengine walikimbilia meza za dirishani wapate mwanga, naye akauzunguka ukuta akitafuta mahali pa kuchomeka kompyuta yake. Akishapapata aliketi, akavuta mikono ya sweta hadi kwenye vidole, na mara nyingi hakusema lolote mpaka chai ilipoletwa.

Hayakuwa maringo. Alikuwa mtu wa vitabu tangu shuleni, na maneno yaliyomtoka vizuri kwenye karatasi yalimkwama kooni. Alisomea kompyuta chuo kikuu, Juja, akamaliza vizuri, kisha akapata kazi ambayo hakuna aliyeitarajia: kufundisha katika chuo cha udereva mjini Thika. Kuketi garini na wanafunzi ilikuwa kazi ya wanaume wawili wenye mioyo migumu. Yeye alifundishia chumbani, ghorofani, kwa kutumia ule ubao mpana uliochorwa mji mdogo wenye mzunguko, vivuko na njia panda. Mwanafunzi husukuma kigari cha kuchezea juu yake huku akieleza kila anachofanya. Hapo aibu ilimpungua, kwa sababu macho ya watu yalikuwa kwenye kigari, si kwake.

Kitu alichokipenda kuliko vyote, hata hivyo, kilikuwa programu aliyoitengenezea klabu. Iliwafundisha namna ya kuanza mchezo. Unasogeza kete, ikiwa hatua yako ni ile iliyo vitabuni, mraba unawaka kijani, ikiwa sivyo, unawaka mwekundu na unaanza upya. Wanachama waliupenda ule ukijani kama watoto wanavyopenda peremende. Aliyeupenda zaidi ni Akoth, mwenye saluni karibu na stendi ya Ruiru. Alifanya mazoezi wateja wake wakiwa chini ya draya, na kufikia siku ya mechi na wanafunzi wa Juja, kila kitu kwenye simu yake kilikuwa kijani.

Walichapwa meza zote tano.

Mchezo wa Akoth ndio uliosimuliwa zaidi. Alikuwa amekariri kwamba askofu wake akishatoka, mpinzani atatoa farasi, na hapo yeye ataruka na farasi wake kwenda kushambulia. Kijana aliyekaa mbele yake, Austine, hakutoa farasi. Alisogeza askari wa pembeni mraba mmoja tu, na askari huyo sasa aliulinda ule mraba hasa ambao farasi wa Akoth angetua juu yake. Akoth akatua papo hapo. Austine alimtazama, akamtazama askari wake, akamuuliza kwa heshima kama ana hakika. Akoth akamjibu kwamba ndivyo programu inavyosema. Farasi akaliwa.

Watu walicheka, hata Akoth alicheka. Waceke alichomoa waya wa kompyuta na kuukunja polepole mno. Mzee Kahiga, mwenyekiti wa klabu, alimfuata pale ukutani. Alikuwa mstaafu wa bima, mpole, na wasichana wote wa rika la bintiye aliwaita maitu, yaani mama, kama Wakikuyu wengi wa umri wake. Alimweleza kwamba mwanawe aliye ng'ambo amemwambia habari za programu nyingine, ile wanayotumia mabingwa.

"Tutangoja mechi ya mwaka ujao, maitu," alisema. "Tukipigwa tena kama watu wasio na macho, tutachukua hiyo ya ng'ambo. Hakuna atakayekulaumu."

Hilo la kutolaumiwa ndilo lililomuuma. Angelaumiwa, angekuwa bado ni mtu wa klabu. Programu ile ndiyo iliyokuwa sauti yake pale ukumbini. Ikiondolewa, atabaki msichana anayekaa karibu na soketi bila sababu.

Akaenda kuirekebisha. Aliamua kwamba watu wanakariri kwa kuwa hawaelezwi sababu, basi akaandika sababu chini ya kila hatua. Aliziandika kwa Kiswahili kizuri, fupi fupi, na kuziandika kulimchukua miezi. Askofu huyu anatazama mahali panapolindwa na mfalme peke yake. Askari huyu anafungua njia ya malkia. Wanachama walimsifu. Kahiga alisema sasa hata yeye anaelewa mambo aliyoyacheza gizani maisha yake yote.

Jumamosi moja Waceke alitaka kujionea mwenyewe. Alipanga kete mbele ya Akoth, lakini badala ya kumpeleka askofu mahali pake pa kawaida, alimsogeza mraba mmoja tu, akamwacha ameketi mbele ya mfalme wake.

"Auntie, huyu askofu anafanya nini hapa?"

Akoth aliketi wima kama aliyeitwa mbele ya darasa. "Askofu huyu anatazama mahali panapolindwa na mfalme peke yake."

"Hebu mwangalie tena."

"Nimemwangalia."

"Anatazama mkia wa farasi wako, Auntie."

Akoth aliinama, akafuata mshazari kwa kidole, akakuta kweli ni mkia wa farasi. Alicheka mpaka akalazimika kujifuta machozi. Waceke naye alicheka, lakini moyoni alikuwa ameishiwa matumaini. Watu hawa walikuwa wamesoma shule zilezile alizosoma yeye. Ukiwapa jibu, wanalikariri. Ukiwapa na sababu ya jibu, wanaikariri vilevile, na kuitoa bila kukosa hata koma.

Kilichomsaidia kilitokea kazini. Mwanafunzi mmoja wa udereva, mama wa makamo aliyekuwa hodari kuliko darasa zima, alikuwa akisukuma kigari chake kwenye ubao na kueleza kwa ufasaha: naangalia kulia, naangalia kushoto, nawapisha walio kwenye mzunguko. Waceke, kwa uchokozi tu, alichukua ng'ombe wa plastiki aliyesahauliwa na mtoto wa mteja, akamsimamisha katikati ya barabara. Yule mama hakunyamaza hata kidogo. Alimwinua ng'ombe kwa vidole viwili, akamweka kando, akaendelea na safari yake.

"Na ng'ombe je?" Waceke aliuliza.

"Huyo hayuko kwenye mtihani, mwalimu."

Darasa likacheka. Waceke hakucheka. Alibaki amemshika ng'ombe, akiwaza kwamba kosa lilikuwa lake tangu mwanzo. Kwenye programu yake hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Mpinzani ndani ya ile kompyuta alicheza sawasawa kila mara, na mtu anayecheza sawasawa kila mara hayupo, si Ruiru wala Juja.

Kuanzia wiki ile akaifundisha programu kukosea. Inaanza vizuri kama kawaida, halafu wakati usioutarajia inafanya jambo la ajabu: inasogeza askari wa pembeni, inamtoa malkia mapema, inarudisha farasi nyuma. Kisha inanyamaza. Hakuna kijani, hakuna chekundu. Inakuuliza tu ni nini kilichobadilika, na unagusa kwenye ubao unapodhani pamebadilika. Ukicheza hatua uliyoikariri bila kutazama, haikukemei. Inakuonyesha polepole farasi wako akiliwa, kisha inakurudisha ujaribu tena. Zile sababu alizoziandika kwa miezi alizifuta karibu zote. Akamwachia mchezaji nafasi tupu aandike yake.

Malalamiko yalianza siku hiyohiyo. Mmoja alidai kurudishiwa kijani chake. Mwingine alisema akicheza na kitu kile anajihisi mjinga, na kwamba ujinga anaupata bure nyumbani. Kahiga alimpigia simu kumuuliza kama kompyuta yake imeshikwa na malaria, kwa maana imeanza kuweweseka. Waceke alitaka kumweleza, akaishia kusema ataangalia.

Hakwenda kuangalia kompyuta. Alikwenda saluni kwa Akoth. Alimkuta anasuka, vidole vyote kumi vimezama kichwani mwa mteja, na kwa kuwa hangeweza kugusa simu, Waceke aliketi kwenye kigoda na kumsomea anachokiona. Programu imemsogeza askari wa pembeni, alisema. Ni kama ile ya Austine.

"Huyo kijana," Akoth alisema. "Sasa farasi asiende kule."

"Kwa nini?"

"Ataliwa, si niliona kwa macho yangu."

"Basi ufanye nini?"

Akoth aligawa nywele, akaanza mstari mwingine. Mteja mwenyewe, ambaye hakujua chesi ni nini, alikuwa amesimamisha kichwa akisubiri jibu.

"Ebu ngoja. Yeye ametumia zamu yake kule pembeni, sivyo? Hajatoa mtu, hajakaribia katikati. Ni kama jirani yangu hapa akiacha kiti chake na kwenda kununua sabuni. Mimi sifuatani naye dukani, nyar Thika," alisema, akimwita binti wa Thika kwa Kijaluo. "Mimi naita wateja wake waje kwangu." Alisimamisha mikono. "Sukuma askari wa mbele ya malkia. Miraba miwili. Nachukua katikati yote."

Waceke alisukuma. Hakuhitaji kumwambia kama ni sawa. Akoth alikuwa ameshaona mwenyewe na alikuwa akimweleza mteja, ambaye aliitikia kwa kichwa kadiri rasta zilivyomruhusu.

Siku ya mechi, wanafunzi walikuja Membley wakiwa wamevaa fulana zinazofanana. Salamu zao zilikuwa za watu waliozoea kushinda. Austine aliomba acheze tena na Auntie wa farasi, na Akoth akamwambia aketi, maneno ni ya bure.

Waceke alisimama nyuma yao. Hatua za kwanza zilikwenda kama kitabuni. Kisha Austine, akitabasamu, alisogeza askari wa pembeni, lakini wa upande ule mwingine. Waceke alishika ukingo wa kiti. Hatua ile hakuwa ameiweka kwenye programu. Akoth aliinua mkono, ukaelekea kwa farasi, ukasimama hewani. Akaurudisha. Alikaa muda mrefu mpaka Austine akaanza kuchezesha mguu. Halafu Akoth aliangua kicheko kidogo cha peke yake, akasukuma askari wa mbele ya malkia miraba miwili.

Baada ya hapo Waceke hakuhesabu tena. Aliona tu kwamba mguu wa Austine umetulia, na kwamba kijana ameacha kutabasamu na kuanza kufikiri. Mchezo ulikuwa mrefu na wenye makosa ya pande zote mbili, na Akoth aliushinda akiwa amevua viatu chini ya meza.

Hata hivyo klabu ilishindwa, meza tatu kwa mbili. Ya tatu waliyopoteza ilikuwa ya mwenyekiti mwenyewe. Mzee Kahiga alimtuma malkia wake mbali kwenda kula askari mmoja, na njia ya kurudi ikazibwa. Wengine walipokwenda kunywa chai yeye alibaki na mpinzani wake, wakirudisha kete nyuma na mbele na kubishana kwa sauti. Waceke alichomoa waya. Alikuwa ameuweka mkobani Kahiga alipomwita.

"Unakwenda wapi na mambo hayajaisha?"

"Nilidhani tumeshindwa, mzee."

"Tumeshindwa, ndiyo. Lakini mwaka jana sikujua nimeshindwa vipi, na huu najua." Alivuta kiti. "Ile ya ng'ambo nimemwambia kijana wangu aiache, aniletee viatu. Sasa keti. Nataka hii ya malkia wangu uiweke kwenye programu yako. Na uandike jina langu hapo."

"Jina lako, mzee? Kwenye kosa?"

"Ili Akoth akinaswa pale ajue ana mwenzake."

Akoth, kikombe mkononi, alisema kutoka upande wa pili kwamba yeye hatanaswa pale hata akiwa usingizini, na Kahiga akamwambia ataona. Waceke aliketi meza ya katikati, mbali na ukuta, akafungua kompyuta kwa chaji ya betri iliyosalia. Kahiga alipanga kete na kusema kosa lilianzia hapa, malkia alipokula.

"Hapana, mzee," Waceke alisema, na watu waliokuwa kwenye chai wakageuka, kwa kuwa ilikuwa sauti kubwa. "Lilianza kabla ya hapo. Rudisha nyuma."